Pacha Waliofutwa

Mama alikubali kumwona Msafi mara moja tu. Alisema hivyo Jumatano, akipiga pasi sare yake ya kazi, bila hata kuinua macho.

"Mlete Jumamosi saa kumi. Nitamwona mara moja. Nikisema ndiyo, ni ndiyo. Nikisema hapana, usije ukanililia hapa."

Anayemjua mama yangu anajua kwamba hapo hakuwa anatisha mtu. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, na tangu siku hiyo neno la mwisho nyumbani kwetu ni lake, kuanzia rangi ya mapazia hadi mwanaume nitakayeolewa naye. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwaka wa mwisho chuoni, na ningeweza kujitia ujasiri nikasema maisha ni yangu. Sikuweza. Nampenda mama. Bahati mbaya nilikuwa nampenda na Msafi, tena vibaya sana, na niliwataka wote wawili.

Msafi mwenyewe mama hakuwa na ugomvi naye, hakumjua. Ugomvi wake ulikuwa na kazi yetu. Mama ni mkunga wa miaka ishirini na saba, na kwake yeye mtu wa afya ni yule anayemshika mgonjwa kwa mikono yake. Nilipochaguliwa kwenye mpango wa kuwafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza utafiti wa data kubwa za afya, aliniuliza, "Unamtibu nani?" Nikamweleza kwamba tunachukua kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa, tunazipitisha kwenye kompyuta, tunatafuta lile ambalo jicho la mtu mmoja haliwezi kuliona. Akasema, "Aha." Mama akikuambia "aha", jua ameshakukatia tamaa.

Basi fikiria nilivyojisikia kumwambia kwamba kijana niliyempenda naye anafanya kazi hiyohiyo, tena ndiye hodari wetu.

Jina la Msafi tulimpa sisi darasani. Sababu moja ilikuwa mashati yake, ambayo sijui aliyafuaje katika bweni lile la wavulana. Sababu kubwa ilikuwa kazi. Kabla hujaiuliza data swali lolote, lazima uisafishe: uondoe watu walioandikwa mara mbili, watoto walioandikwa wamezaliwa mwaka ambao haujafika, vichanga waliopimwa kilo thelathini. Kazi hiyo inachosha, kila mtu huikimbia. Msafi aliipenda. Angekaa na jedwali la mistari elfu arobaini toka asubuhi hadi jioni, mikono ya shati kaikunja, na ukimletea chai utaikuta imepoa pembeni.

Mwaka huo kulikuwa na nafasi moja tu ya kwenda kufanya kazi mwaka mzima kwenye taasisi ya utafiti. Jopo lingekaa Jumatatu kusikiliza washindani. Msafi alikuwa amechukua kumbukumbu za uzazi za vituo tisa vya afya, miaka mitatu, watoto elfu arobaini na moja, akaifundisha kompyuta imtahadharishe mkunga mapema kwamba mama huyu apelekwe hospitali kubwa kabla mambo hayajaharibika. Kila mtu alijua nafasi ni yake. Mimi nilikuwa mshindani wa pili, nyuma yake, kwa mada yangu nyingine, na pia nilikuwa mkaguzi wa kazi yake, maana kanuni ya mpango wetu ni kwamba hakuna kazi inayopita bila mwenzako kuisoma na kuweka sahihi. Msafi asingepata nafasi hiyo angerudi kwao, safari ya siku nzima kwa basi, akauze misumari na saruji kwenye duka la mjomba wake aliyemlea.

Jumamosi saa kumi kasoro dakika tano alikuwa mlangoni kwetu, shati jeupe, kompyuta kwapani.

"Umekuja kuposa au umekuja kufundisha?" nilimnong'oneza.

"Kituo cha mama yako kimo kwenye data yangu," alisema. "Nataka aone kwamba yale aliyoandika miaka yote hayakupotea bure."

Nilimpenda upya palepale mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, kaa. Siyo hicho, kina mguu mbovu. Kaa hapa ninapokuona."

Akakaa alipoonekana. Nilimimina chai, nikaimwaga kidogo kwenye sahani, mama akanisogezea kitambaa.

"Binti yangu anakuita Msafi. Ndivyo walivyokuita wazazi wako?"

"Hapana, mama. Ni wanafunzi wenzangu. Kwa sababu nasafisha data."

"Kwa sabuni gani?"

Msafi alicheka. Mama hakucheka, lakini nilimwona akiuma mdomo wa chini, nami nikapata pumzi kidogo.

"Umewahi kuona mtoto akizaliwa?"

"Hapana, mama."

"Kumbeba aliyezaliwa siku hiyo je?"

"Wa dada yangu. Niliogopa mno. Nilidhani nitamvunja."

"Vizuri. Anayesema haogopi ni mwongo." Mama alimsogezea mkate. "Kula. Halafu nionyeshe hicho ulichokibeba."

Niliapa moyoni kwamba tumeshapona. Nilianza hata kumwazia mama akiwa amevaa nguo mpya siku ya harusi. Msafi alifungua kompyuta, akaigeuza kwa adabu ili mama asipate taabu ya kuinama, na mama akavaa miwani yake ya kusomea. Kwenye kioo kulikuwa na vituo tisa, kila kimoja na idadi yake. Mama aliteremsha kidole polepole mpaka kwenye kituo chake.

"Hapa ni kwetu?"

"Ndiyo, mama. Mwaka jana. Watoto elfu moja mia moja na sita."

"Wangapi?"

"Elfu moja mia moja na sita."

"Hapana," mama alisema.

Msafi alinitazama, kisha akamtazama tena mama. "Samahani, mama?"

"Elfu moja mia moja ishirini na saba. Ripoti ya mwaka niliiandika mimi, kwenye meza hiihii, huyu binti yangu ananisomea hesabu. Hapo wamepungua ishirini na mmoja."

"Pengine ni wale walioandikwa mara mbili, mama," Msafi alisema kwa upole, na Mungu anisamehe, nami niliitikia kwa kichwa. "Makarani wanapoingiza daftari kwenye kompyuta huwa wanarudia. Mama yuleyule, tarehe ileile. Tunaacha mstari mmoja, tunafuta wa pili."

Mama alivua miwani, akaikunja, akaiweka kando ya kikombe.

"Mwaka jana tulizalisha pacha jozi kumi na tisa," alisema. "Na mama mmoja alijifungua watatu kwa mpigo. Hebu nihesabie: wale wa pili kumi na tisa, na wawili wa huyo wa mwisho. Wangapi hao?"

Nilimaliza hesabu kabla ya Msafi.

"Ishirini na mmoja," alisema Msafi. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kijana, pacha wangu wako wapi?"

Msafi alivuta kompyuta kwake, akafungua orodha ya mistari iliyoondolewa. Mia nane na kumi na miwili, katika vituo vyote. Kisha akafungua nakala ya mwanzo, ile chafu, na hapo nikaona kilichotokea hata kabla hajaniambia. Wakunga wakizalisha pacha hawarudii kuandika habari za mama. Kwenye mstari wa pili wanaweka alama ya "kama juu", basi. Karani akifika hapo ananakili habari za mama na tarehe kama zilivyo. Mbali na uzito, kinachoonyesha kwamba huyu ni mtoto mwingine ni maneno matatu mwisho kabisa, kwenye safu ya maoni: pacha wa pili. Na safu ya maoni Msafi aliitupa siku ya kwanza, kwa kuwa kila mkunga aliandika humo anavyojisikia, haikupangika. Alikuwa amesafisha mpaka watoto.

"Wa pili ndiye anayetutoa jasho," mama alisema. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. "Wa kwanza anakuja, kila mtu anashangilia. Wa pili anakuja mdogo, amegeuka, mama yake amechoka, na sisi tumechoka. Kama kuna mama wa kupelekwa hospitali kubwa mapema ni huyo. Na hiyo kompyuta yenu itamjua vipi, kama hamjaiambia kwamba yupo?"

"Haitamjua, mama. Nimewafuta."

Alisema hivyo tu. Hakumlaumu karani, hakutafuta pa kujificha. Niliona jasho kwenye paji la uso wake, nikatamani nimfute kwa kiganja changu mbele ya mama, liwalo na liwe.

"Jumatatu utawaambia nini wakubwa wako?" mama aliuliza.

Msafi aliifunga kompyuta polepole.

"Sijui, mama."

"Haya. Maliza chai yako." Mama alisimama, akaanza kukusanya vyombo. "Na mimi jibu langu nitakupa nikishajua ulichosema."

Aliinywa yote, baridi kama ilivyokuwa, kisha akaaga vizuri. Nilimsindikiza mpaka getini. Watoto wa jirani walikuwa wanaruka kamba barabarani, na tulisimama tukiwatazama kana kwamba ndicho kilichotutoa ndani.

"Tunaojua ni sisi watatu tu," alisema mwishowe.

"Unafikiria kunyamaza?"

"Nafikiria. Nikikuambia sifikirii nitakuwa nakudanganya. Nikisema, nafasi imekwenda. Nafasi ikienda, nakwenda dukani kwa mjomba. Mama yako atampa binti yake muuza misumari wa mbali huko?"

"Na ukinyamaza?"

"Ndiyo maana nafikiria."

Hapo ndipo nikalisema nililokuwa nimelificha tangu mama avue miwani. "Msikilize mkaguzi wako. Kanuni inasema nisome angalau mistari hamsini ya ile uliyofuta, nilinganishe na daftari. Ningesoma hamsini ningekutana na pacha arobaini. Sikusoma hata mmoja. Niliweka sahihi, tukaenda zetu."

Alinigeukia kwa haraka. "Umemwambia mama yako?"

"Bado."

"Usimwambie. Usimwambie mtu yeyote, tafadhali. Nakuomba."

"Kwa nini?"

Aliugusa mkono wangu kidogo tu, akaondoka, na kwa mara ya kwanza hakugeuka nyuma alipofika kwenye kona.

Jumapili ilikuwa ndefu. Nilimpigia mara nne, mara zote akaniambia yuko sawa, anaandika. Mama naye hakumtaja kabisa, akaniacha nichemke peke yangu.

Jumatatu saa tatu asubuhi jopo lilikaa. Watu watano nyuma ya meza ndefu, na katikati yao Daktari, msimamizi wetu, mwanamke mkavu wa maneno ambaye ni daktari wa takwimu na sidhani kama aliwahi kumdunga mtu sindano. Sisi wanafunzi tulipanga viti nyuma. Msafi aliitwa wa tatu. Projekta ikawaka, na kwenye ukuta ikatokea namba moja tu, kubwa, bila grafu wala rangi: 812.

"Nilikuwa nimewaandalia matokeo mazuri," alianza. "Mazuri sana. Si ya kweli."

Akawaeleza yote. Alama ya kama juu. Safu ya maoni. Kwamba Jumamosi mkunga mmoja aliuliza pacha wake wako wapi, na kwa kuwa yeye hakuwa na jibu, alikaa Jumapili nzima akiwatafuta, akakuta mia sita arobaini na tatu. "Kompyuta yangu inasema vichanga wenye uzito mdogo ni wachache kuliko walivyo, kwa sababu wengi wao nimewaondoa mimi. Naomba kazi hii isitumike." Sauti ilimkatika mara moja tu, akakohoa, akaendelea.

Nilijivunia kiasi cha kutaka kusimama juu ya kiti. Nikawa nawaza, mama akilisikia hili ameshamkubali.

Ndipo mzee mmoja wa jopo akauliza, "Na mkaguzi wako hakuliona?"

Msafi hakugeuka kunitazama. "Mkaguzi hakuonyeshwa orodha hiyo, mzee. Nilimpa nyingine, fupi. Kosa ni langu peke yangu."

Daktari alinitupia jicho. Hapo ndipo nilipaswa kusimama. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusimama, na jibu ni moja, niliogopa. Msafi akazima projekta, akabeba vitu vyake, akatoka, nami nimeganda kwenye kiti changu. Nilipoitwa kueleza mada yangu nilieleza vizuri, hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Saa sita Daktari alinifuata kwenye korido. "Mwenzako amejiondoa, unajua. Jopo limependa kazi yako. Niletee fomu zako kabla ya saa nane, nafasi ni yako." Akanipiga bega kidogo, kitu ambacho hajawahi kumfanyia mtu.

Msafi nilimkuta kwenye ngazi za nyuma ya maabara, ameketi, kompyuta magotini, imefungwa.

"Wamenipa mimi," nilisema.

Uso wake ukachanua. Kweli kabisa, alifurahi. "Nilijua! Nilijua watakupa. Chukua. Nenda sasa hivi kajaze fomu."

"Umesema uongo mbele ya jopo."

"Nimesema ukweli wote, nimebakiza mmoja."

"Huo mmoja ulikuwa wangu! Nani alikutuma uniwekee?"

"Fikiria kidogo basi." Alisimama, akanishika mabega. "Tukizama wote wawili, nani anafaidika? Bora abaki mmoja. Mama yako atakuona umefika, atafurahi. Mimi nitarudi kwa mjomba, nitatafuta njia nyingine. Nimefanya kwa sababu nakupenda."

"Ndiyo, unanipenda! Uliyapenda na majedwali yako!" Nilimtoa mikono yake mabegani. Nilikuwa nalia na sikujali nani anapita. "Unajua umenifanya nini leo? Umeona mistari miwili kwenye kosa moja, ukaacha mmoja, ukafuta wa pili. Hicho ndicho ulichowafanyia wale watoto. Mimi nilikuwepo, Msafi. Sahihi ni yangu, uzembe ni wangu, aibu ni yangu. Utanioa vipi kama kila nikikosea unanifuta?"

Macho yalimjaa machozi, akayaacha yateremke.

"Nilitaka usiumie," alisema.

"Nitaumia. Nitaumia na wewe. Huko ndiko kupendana, huko kwingine mimi sikujui."

Sikumngoja. Nilipanda ngazi mbili mbili, nikabisha ofisini kwa Daktari, na kabla hajaniambia niketi nilikuwa nimeshasema. Kwamba orodha nilionyeshwa yote. Kwamba sikuisoma. Kwamba niliposikia uongo ule nilikaa kimya saa tatu nzima.

Daktari aliweka kalamu chini.

"Unajua unachokitupa?"

"Ndiyo, Daktari."

"Ungeninyamazia, nisingejua kamwe."

"Najua. Hilo ndilo lililoniogopesha."

Akavuta karatasi ya majina, akapiga mstari juu ya langu. Nafasi ikaenda kwa yule binti mpole aliyefanya utafiti wa kifua kikuu, ambaye hakuwahi kuchelewa kipindi hata siku moja, na kwa kweli alistahili. "Nyinyi wawili," Daktari alisema, "likizo nzima mtazunguka vituo vyote tisa na madaftari. Mtawarudisha mmoja mmoja. Safari hii kila mmoja wenu atasoma mistari ya mwenzake, yote, siyo hamsini. Toka sasa."

Nilitoka nikiwa sina nafasi na sina jibu la mama, na cha ajabu kifua kilikuwa chepesi. Msafi alikuwa amesimama nje ya mlango. Alikuwa amesikia.

"Nisamehe," alisema.

"Nimeshakusamehe. Naenda nyumbani kumwambia mama."

"Tunaenda."

"Alisema atakuona mara moja tu."

"Basi mara ya pili atanifukuza."

Mama alikuwa ndio kwanza amerudi kazini. Alikuwa amekaa kibarazani, viatu kando, miguu kwenye beseni la maji ya moto, bado yuko ndani ya sare. Alimwona Msafi akiingia getini nyuma yangu, akainua nyusi.

"Shikamoo, mama. Najua ulisema mara moja."

"Marahaba. Masikio yako mazima, kumbe. Sasa umefuata nini?"

"Nimekuja kukuambia mwenyewe, usije ukasikia kwa watu. Nimewaambia jopo kwamba niliwafuta pacha wako. Nafasi nimeikosa."

"Sikukuuliza habari ya nafasi," mama alisema. "Endelea. Bado una kitu, nakiona hapo kooni."

"Kisha nikasema uongo, mama. Niliulizwa kuhusu mkaguzi, nikasema hakuonyeshwa orodha."

"Mkaguzi ni nani?"

"Mimi, mama," nilisema. "Nilionyeshwa. Niliweka sahihi bila kusoma. Nimekwenda kumwambia Daktari ukweli, na nafasi waliyokuwa wamenipa mimi nayo imekwenda."

Mama alitoa mguu mmoja kwenye beseni, akaufuta polepole kwa taulo, akautoa na wa pili. Kando yangu Msafi alikuwa amesimama wima kabisa, mikono nyuma, na nilijua moyo wake unavyopiga kwa sababu wangu ulikuwa unapiga hivyohivyo.

"Uliweka sahihi bila kusoma," mama alirudia.

"Ndiyo, mama."

"Wewe. Niliyekulea mimi, ninayesoma hata karatasi ya dawa ya mende kabla sijaifungua."

"Ndiyo, mama."

"Karatasi iko mbele yako. Macho unayo. Ulikuwa unatazama nini?"

Niliinamisha kichwa. Kuna mambo ambayo mtu hapaswi kuyasema mbele ya mzazi, lakini siku hiyo nilikuwa nimeshachoka kuficha.

"Nilikuwa namtazama yeye, mama."

Mama akamgeukia Msafi.

"Na wewe, mtu wa kusafisha. Ulipokuwa unawatupa watoto wangu mmoja mmoja, ulikuwa unatazama nini?"

Msafi aliiva uso hadi masikio. "Yeye, mama," alisema, akiitazama sakafu.

Mama alijaribu. Naapa alijaribu, alibana midomo, akageukia ukutani, lakini kicheko kilimponyoka, kikatoka chote, akacheka mpaka akashika kiuno na kujifuta machozi kwa lile taulo la miguu. Tangu baba afariki sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Alipotulia alimtazama Msafi kwa muda mrefu, kuanzia shati hadi viatu, kama anavyotazama kichanga kabla ya kumkabidhi kwa mama yake.

"Mwambie mjomba wako aje tuzungumze," alisema. "Tena aje mapema. Nyinyi wawili mkiendelea kutazamana hivi bila kuoana, mtawamaliza watoto wa watu."